Bwana Alimrudi, Naye Akarudi: Maisha ya John Newton



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma historia ya kwaya yetu, mtaona picha za waanzilishi, na mtakumbuka wenzetu waliolala katika Bwana. Kamati ya yubile iliomba pia yaandikwe maisha ya mtunzi mmoja wa nyimbo, ili vijana wetu wajue kwamba nyimbo hazianguki kutoka mbinguni zikiwa zimeshapigwa chapa. Tulimchagua John Newton, Mwingereza aliyeandika wimbo tunaouita Neema ya Ajabu. Wimbo huo tumeuimba harusini, mazishini, kwenye harambee na kwenye ibada ya mkesha wa mwaka mpya. Soprano, alto, tena na besi, wote tunaujua bila kitabu. Lakini siku moja kwenye mazoezi tulipouliza ni nani anayejua maisha ya aliyeuandika, iliinuliwa mikono miwili tu.

Kuna sababu ya pili. Neno kuu la yubile yetu limetoka Waebrania sura ya 12, ambapo tunafundishwa kwamba Mungu huwarudi wale anaowapenda, kama baba amrudivyo mwanawe. Kiswahili chetu kimebarikiwa hapa. Kumrudi mtoto ni kumwonya na kumtia adabu. Kurudi ni kugeuka na kuja nyumbani. Neno ni moja. Maisha ya Newton yanatuonyesha jinsi maana hizo mbili zinavyokutana, na pia jinsi zinavyoweza kuchelewa kukutana.

Mtoto wa mama mcha Mungu

John Newton alizaliwa London, katika mtaa wa Wapping kando ya mto Thames, mwezi wa Julai 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa merikebu za biashara, mtu mkali aliyekaa baharini miezi mingi. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mwanamke mcha Mungu mwenye afya dhaifu. Alimfundisha mwanawe kusoma akiwa mdogo sana, akamkaririsha Maandiko na nyimbo za Isaac Watts, na alitamani siku moja mtoto huyo awe mhubiri. Lakini kifua kikuu kilimchukua mwaka 1732, siku chache kabla mtoto hajatimiza miaka 7.

Baba alioa tena. John alipelekwa shule ya bweni kwa muda mfupi, kisha alipofika miaka 11 baba akamchukua baharini. Huko alijifunza kazi ya ubaharia na maneno ya mabaharia. Mara kwa mara alijaribu kuwa mtu wa dini, akafunga, akasali, halafu akaacha. Mafundisho ya mama yalikuwa ndani yake kama mbegu chini ya udongo mkavu.

Desemba 1742, akiwa na miaka 17, alitembelea jamaa waliokuwa marafiki wa marehemu mama yake huko Kent. Hapo alimwona binti yao, Mary Catlett, ambaye nyumbani walimwita Polly. Alimpenda tangu siku ile hadi kufa. Kwa ajili ya kukaa karibu naye aliacha kwa makusudi safari ya kwenda Jamaica ambayo baba yake alikuwa amemtafutia.

Viboko visivyobadilisha moyo

Mwaka 1744 Uingereza ilikuwa vitani, na vijana walikuwa wakikamatwa kwa nguvu ili watumike katika jeshi la majini. Newton alikamatwa na kupelekwa kwenye manowari iliyoitwa Harwich. Kwa juhudi za baba yake alipewa cheo kidogo. Badala ya kushukuru, alitoroka. Alikamatwa akirudishwa kama mhalifu, akavuliwa nguo mbele ya mabaharia wenzake, akachapwa mijeledi na kushushwa cheo.

Je, viboko vile vilimfanya mwema? La. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba moyo wake ulijaa uchungu, akawaza kumuua nahodha na hata kujitupa baharini. Kilichomzuia ni kumfikiria Polly, asije akamdharau. Imani aliyofundishwa na mama aliikana waziwazi, na akawa na bidii ya kuwafanya wengine nao waikane.

Wazazi na walimu miongoni mwetu tusimame hapa kidogo. Maumivu peke yake hayafundishi mtu. Fimbo isiyo na upendo humfanya mtoto awe mjanja au awe mchungu. Mungu anapotia adabu, lengo lake ni kumleta mtu nyumbani. Jeshi lile halikuwa na nyumba ya kumrudisha Newton. Lilitaka tu amri itiiwe.

Kisiwani, akilishwa na watu wa minyororo

Harwich ilipotia nanga Madeira, Newton alibadilishwa na kuingizwa katika merikebu ya wafanyabiashara wa watumwa iliyokuwa ikielekea Sierra Leone. Alifurahi, kwa kuwa sasa angeweza kufanya dhambi bila mtu wa kumjua. Alishuka pwani ya Afrika Magharibi, akaajiriwa na mfanyabiashara Mzungu wa watumwa aliyekuwa na makao katika visiwa vya Plantain. Alitarajia kutajirika.

Badala yake aliugua homa. Bwana wake alikuwa safarini, na mwanamke Mwafrika aliyeishi na bwana huyo kama mkewe, mwenye nguvu katika nchi ile, hakumpenda. Alinyimwa chakula na hata maji ya kunywa. Alilala juu ya mkeka, gogo likiwa mto wake. Baadaye bwana wake alimshutumu kwamba ameiba, naye akawa anafungwa mnyororo kwenye sitaha ya mashua, akipewa wali kidogo kwa siku nzima, huku mvua ikimnyeshea. Usiku alichimba mizizi shambani akaila mbichi, akaugua zaidi.

Katika hali hiyo walikuwako waliomhurumia. Watumwa waliofungwa minyororo, wakisubiri kuuzwa, walimletea kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Newton alikumbuka jambo hilo na kuliandika. Majina yao hakuyaandika. Tunaomba kila anayesoma kijitabu hiki asipite haraka mstari huu. Mtu ambaye baadaye angeuza mamia ya Waafrika alipewa uhai na Waafrika wenye minyororo miguuni. Mungu alikuwa amemwekea fundisho mbele ya macho yake, katika bakuli la chakula. Alikula. Hakujifunza.

Usiku wa dhoruba

Baba yake alikuwa amemwomba rafiki mmoja wa Liverpool amtafute kijana wake. Mwaka 1747 nahodha wa merikebu iitwayo Greyhound alimpata. Wakati huo Newton alikuwa amepata mwajiri mwingine, maisha yakawa na nafuu, wala hakutaka tena kurudi kwao. Nahodha alimdanganya kwamba ameachiwa urithi mkubwa. Newton alimkumbuka Polly, akapanda.

Greyhound ilikuwa na shehena ya dhahabu, pembe za ndovu, nta ya nyuki na magogo ya mti wa rangi. Ilizunguka kwa mwaka mzima, ikapita karibu na Brazili na Newfoundland, kisha ikaelekea Uingereza. Safarini Newton alitukana mno hata nahodha, ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa dini, akaona haya. Kwa kukosa kitu kingine cha kufanya, siku moja alisoma kitabu cha ibada, na wazo likamjia: je, ikiwa mambo haya ni kweli? Alikifunga kitabu.

Usiku huo, tarehe 21 Machi 1748 kwa kalenda ya sasa, bahari iliipiga merikebu na kupasua mbao za ubavuni. Newton aliamka maji yakiwa yamejaa chumbani mwake. Alipokuwa akipanda ngazi nahodha alimwagiza arudi achukue kisu. Aliyepanda badala yake alifagiliwa na mawimbi papo hapo. Walipiga pampu tangu saa tisa usiku hadi karibu na adhuhuri. Yeye na mwenzake walijifunga kamba wasizolewe na maji. Mashimo waliyaziba kwa nguo na matandiko. Kilichoizuia merikebu kuzama ni ile nta na yale magogo, vitu vyepesi kuliko maji. Katikati ya kazi hiyo Newton, karibu bila kujua, alitamka ombi la rehema. Halafu akajishangaa. Rehema gani kwa mtu kama yeye?

Baadaye alishika usukani kwa saa nyingi, na hapo ndipo mafundisho ya mama yalipoanza kuota. Wiki nne wakaelea na tanga bovu, chakula kikiisha. Mwezi wa Aprili waliingia Lough Swilly, pwani ya Ireland, chakula cha mwisho kikiwa chunguni. Kitambo kidogo baada ya kutia nanga upepo mkali ulivuma tena, ambao ungewazamisha. Mpaka uzee wake Newton aliiadhimisha siku ile ya dhoruba kila mwaka kwa sala na shukrani.

Aliyeokoka, na bado

Wahubiri wengi hufikia hapa wakafunga hadithi: dhoruba ilikuja, akaokoka, akaandika Neema ya Ajabu. Sisi pia tulikuwa tukiisimulia hivyo. Si kweli, ndugu zetu. Kati ya dhoruba ile na wimbo ule ilipita miaka karibu 25, na sehemu ngumu zaidi ya maisha yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Miezi michache baada ya kuokolewa, Newton alirudi Afrika Magharibi akiwa msaidizi wa nahodha katika merikebu ya watumwa. Akaacha kusali, akarudia dhambi za zamani. Akiwa visiwani Plantain, pale pale alipowahi kufungwa, homa kali ilimwangusha. Alijikokota hadi mahali pa faragha kisiwani, akajitupa mbele za Mungu bila kuweka nadhiri nyingine mpya, maana zake zote zilikuwa zimevunjika. Tangu siku hiyo, alisema, hakuanguka tena katika giza kama lile.

Februari 1750 alimwoa Mary, Polly wake. Kisha akawa nahodha. Alifanya safari tatu, ya kwanza katika merikebu iitwayo Duke of Argyle, na mbili katika iitwayo African. Kila Jumapili aliwakusanya mabaharia akawasomea ibada. Alimwandikia mkewe barua za upendo. Alisoma Biblia chumbani mwake. Na chini ya mbao alizokanyaga, chini ya sakafu aliyopigia magoti, wamelala wanaume, wanawake na watoto wetu wa Afrika wamefungwa wawili wawili, wakipelekwa kuuzwa ng'ambo. Wengine walikufa njiani wakatupwa baharini. Walipopanga kujikomboa, aliwaadhibu kwa vyuma vya kubana vidole.

Ilikuwaje mtu asali juu na aufunge mnyororo chini? Hilo ni swali la kutisha, na tusijibu haraka kwa kumhukumu yeye peke yake. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria ya nchi yake, iliheshimiwa, na karibu hakuna aliyeihoji kanisani kwao. Newton alichukizwa na kazi ya kuwa mlinzi wa gereza, naye alimwomba Mungu ampe kazi nyingine yenye utu zaidi. Lakini kuiita dhambi, bado.

Mungu hakungoja mpaka Newton awe msafi ndipo ampende. Wala, alipompenda, hakumwacha kama alivyo. Mwishoni mwa 1754, siku mbili kabla ya kusafiri tena, Newton alikuwa nyumbani akinywa chai na mkewe. Ghafla alianguka akapoteza fahamu kwa muda wa saa nzima hivi. Madaktari wakamshauri asiende. Alikuwa na miaka 29, na hakwenda tena baharini. Aliacha biashara ile kwa sababu ya afya, si kwa sababu ya toba. Mkono wa Mungu ulimtoa merikebuni kwanza. Kuitoa merikebu moyoni mwake kulichukua miaka mingi zaidi.

Shule ya kungoja

Alipata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool. Jioni alijifunza Kigiriki na Kiebrania mwenyewe. Mwaka 1758 aliomba kuwa kasisi katika Kanisa la Anglikana, akakataliwa. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, tena alishirikiana mno na wahubiri wa uamsho, watu ambao wakuu wa kanisa hawakuwapenda. Alijaribu tena na tena. Mpaka 1764 ndipo alipopewa daraja la ushemasi na baadaye la ukasisi, akapelekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini waliofuma lesi kwa ujira mdogo sana.

Kwa mtu mwenye kiburi cha unahodha, miaka ile ya kungoja ilikuwa fimbo ya upole. Alipofika Olney hakuwa mtu wa kutoa amri tena. Aliwatembelea wafumaji majumbani, akakusanya watoto wao na kuwafundisha, akaanzisha mikutano ya maombi ya katikati ya juma. Kanisa likajaa hata ikabidi kuongezwa roshani ya ndani.

Huko alipata rafiki, mshairi William Cowper, mtu mwenye kipawa kikubwa na ugonjwa mzito wa akili. Wakakubaliana kutunga nyimbo kwa ajili ya mikutano ya maombi. Mwaka 1773 ugonjwa wa Cowper ulirudi kwa nguvu, naye akapoteza tumaini lote. Newton alimkaribisha nyumbani mwake, akamlinda na kumvumilia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kitabu chao, Olney Hymns, kilitoka 1779 kikiwa na nyimbo 348, nyingi zikiwa za Newton.

Nyimbo mbili za kitabu kimoja

Neema ya Ajabu iliandikwa kwa ajili ya ibada ya tarehe 1 Januari 1773. Somo lilikuwa 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapoketi mbele za Bwana akistaajabu kwamba yeye na nyumba yake wametolewa mbali na kufikishwa hapo walipo. Newton alitazama nyuma kama Daudi. Sauti tunayoimba leo hakuijua. Iliunganishwa na maneno yake Marekani mwaka 1835, miaka 28 baada ya kufa kwake.

Lakini katika kitabu hicho hicho kuna wimbo mwingine wa Newton, usiojulikana sana kwetu, ambao una habari ya mtu aliyemwomba Bwana amkuze katika imani na upendo. Alitarajia kwamba Mungu angemjibu kwa saa moja tamu ya baraka. Badala yake Mungu alimwonyesha uovu uliofichika moyoni mwake, akaivunja mipango yake mmoja baada ya mwingine. Alipolia kuuliza kwa nini, aliambiwa kwamba hivyo ndivyo maombi ya kukua yanavyojibiwa. Tunaupenda ule wa kwanza. Tunauhitaji huu wa pili. Neema inayookoa na neema inayotia adabu ni neema moja, nayo inaimbwa na mtu mmoja.

Ungamo lililochelewa

Mwaka 1780 Newton alihamia London kuwa kasisi wa St Mary Woolnoth. Desemba 1785 alijiwa na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa ameguswa na Injili akifikiri aache siasa. Newton alimshauri abaki bungeni amtumikie Mungu huko huko. Wilberforce akawa kiongozi wa mapambano ya kukomesha biashara ya watumwa.

Sasa zamu ya mzee mwenyewe ilifika. Mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba, na 34 baada ya safari yake ya mwisho, Newton alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa wa Afrika. Alikiri wazi kwamba alishiriki, na kwamba ungamo lake limechelewa mno. Alieleza jinsi watu walivyopangwa merikebuni kwa kubanana, jinsi wanawake walivyotendewa, jinsi wengi walivyokufa. Kijitabu hicho kilipelekwa kwa wabunge wote. Kisha akatoa ushahidi mbele ya Baraza la Mfalme na mbele ya kamati ya Bunge. Wengi waliosema dhidi ya biashara ile walikuwa hawajaiona. Yeye alisema kama mtenda kosa, na kwa hiyo ilikuwa vigumu kumkanusha.

Hapo ndipo adabu ya Mungu ilipokamilisha kazi yake. Dhoruba ilimfanya aogope. Homa ilimnyenyekeza. Miaka ya kungoja ilimfundisha upole. Lakini alirudi kweli siku aliposimama mbele za watu akataja kosa lake kwa jina lake, na kutumia siku zilizobaki kulitengeneza.

Desemba 1790, Mary alifariki kwa saratani. Walikuwa wameoana miaka 40. Newton alihubiri mwenyewe mahubiri ya mazishi ya mkewe, kutoka Habakuki 3, mahali nabii anaposema atamfurahia Bwana hata kama mtini hautachanua. Aliendelea kuhubiri akiwa karibu kipofu, kumbukumbu ikipungua. Machi 1807 sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ikapita, naye akaishi kuisikia. Alilala tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 82.

Njia mpaka pwani yetu

Mwaka 1783 Newton na wenzake wachache walianzisha kikundi cha makasisi cha kujadiliana mambo ya kanisa. Katika mazungumzo ya kikundi hicho ndimo lilimozaliwa shirika la kimisheni la CMS, lililoundwa 1799. CMS ndiyo iliyomtuma Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kumzika mkewe na mtoto wake mchanga miezi michache baadaye. Mwaka 1875 shirika hilo lilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pawe makao ya watu walioachiliwa kutoka utumwani. Kengele yake ndiyo iliyoliachia jina eneo la Kengeleni. Hatusemi Newton ndiye aliyetuletea Injili. Tunasema toba ya mtu mmoja haikomei kwake.

Na tuseme jambo moja kwa uangalifu. Minyororo ya wale Waafrika haikuwa adabu ya Mungu juu yao. Ilikuwa dhambi ya watu wengine. Mwenzako akifiwa, akiugua au akionewa, usiende kumwambia kwamba Bwana anamrudi. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo wakakemewa. Kila mtu asome fimbo iliyo mgongoni mwake mwenyewe, asisome ya jirani.

Nasi pia tulirudiwa

Wale mliokuwako mnakumbuka mwaka wa 12 wa kwaya hii. Tulikuwa na sare mpya na mialiko mingi, na tulikuwa hatusemezani. Tuligombania pesa za kurekodi, tukagombania nani aongoze wimbo gani, na Jumapili tukapanda mbele tukaimba kuhusu upendo. Wazee wa kanisa walitusimamisha miezi mitatu. Tulikaa kwenye viti na washirika wengine, na Jumamosi tulikutana kusoma Neno na kukagua hesabu, bila kuimba hata ubeti mmoja. Tulikasirika. Saba wakaondoka. Leo tunakiri kwamba bila miezi ile mitatu, hakungekuwa na yubile hii ya miaka 25.

Lakini kuna deni. Hesabu zilipokaguliwa zilionekana sawa, kila shilingi mahali pake. Mama yetu aliyekuwa mweka hazina, tuliyemnong'ona mpaka akaacha kwaya, hakuwa amekosa. Tulirudi kuimba, tukafurahi, na kwake hatukwenda. Tulisema mambo yamepita. Tulipoandika maisha haya ya Newton, kalamu ilikuwa nzito mkononi.

Kwa hiyo tumefanya mambo mawili. Kabla kijitabu hiki hakijapelekwa kupigwa chapa, mwenyekiti, mwalimu wa kwaya na sisi wa ofisi ya katibu tulikwenda nyumbani kwa mama huyo tukamwomba msamaha. Alitupikia chai. Alitukubalia tuandike habari hii, na tunarudia ombi letu hapa mbele ya kanisa lote: Mama, tulikukosea, utusamehe. Tena tumewaandikia wale saba. Siku ya yubile kutakuwa na viti vyao kwenye safu ya kwaya, kila mmoja kwa sauti yake. Asiyekuja hatumlaumu. Atakayekuja asiulizwe alikuwa wapi.

Tutakapofikia Neema ya Ajabu, ambayo ni wimbo wa mwisho kwenye ratiba, tunaomba tuuimbe bila haraka. Aliyeuandika alilishwa na watumwa, akawauza watumwa, na mwisho akawatetea watumwa, kwa sababu Baba hakuchoka kumrudi. Asiyechoka naye asichoke nasi.

Mungu awabariki nyote.

Katibu, kwa niaba ya kwaya